Ukija Kula Katika Mkahawa wa Kindugu

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na moja Machi, saa saba na robo mchana. Nasema yaliharibika kwa kuwa ndivyo tunavyosema sisi watu wa mtaani. Wizara inasema yalianza. Siku hiyo, dakika hiyo, mbele ya kamera za televisheni ya taifa, Mheshimiwa Hamdani Fungameza, Waziri wa Ladha na Mshikamano, alichukua pilipili moja nyekundu, kavu, ndefu kama kidole, akaitia mdomoni, akaitafuna.

Mwongozo huu nimeagizwa niuandike kwa ajili yako, msafiri, ili ukifika nchini kwetu ujue namna ya kula katika Mkahawa wa Kindugu. Mimi si msomi. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alipohamishwa asiletwe mwingine hadi leo. Kazi yangu ni kunoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Jina langu Mbwana Shekue. Nilikuwa na mke, Mashavu binti Kombo. Nitamtaja humu, maana huwezi kuueleza mkahawa ule ukamruka yeye, ingawa Wizara imeniomba nimtaje kwa kifupi. Mheshimiwa mwenyewe amesema hatausoma mwongozo. Ataupokea tu mbele ya kamera na kuugonga muhuri. Kwa hiyo naandika kwa raha zangu.

Chakula chenyewe

Huu ni mkahawa wa Kichina. Tulizawadiwa na nchi rafiki: jengo, meza za duara ishirini na nne, taa nyekundu za karatasi, na mpishi mmoja mzee aitwaye Qiu. Jina hilo linaandikwa kwa namna ambayo mwalimu wetu alihama kabla hajaifikia, basi mtaani tunamwita Bwana Chiu, na yeye anaitika.

Chakula kinachosifika pale ni kuku wa pilipili. Bwana Chiu anamkata kuku vipande vidogo kama kete za bao, anamkaanga hadi akauke, kisha anamfukia ndani ya kilima cha pilipili kavu. Kilima kweli, sikutanii. Anachanganya na punje fulani za kahawia, ndogo kuliko pilipili manga, ambazo zikigusa ulimi zinautia ganzi. Unaongea mwenyewe na hujielewi. Wizara ilizipenda sana punje hizi tangu siku ya kwanza, na nasikia kuna pendekezo zipelekwe bungeni.

Kule kwao kuku huyo analiwa hivi: unachokoa nyama kwa vijiti, pilipili unaziacha pale pale. Zimewekwa kwa ajili ya harufu, kama sisi tunavyotia kijiti cha mdalasini kwenye pilau. Hakuna mtu mwenye akili zake anayekaa kutafuna kijiti. Mtoto wa kwao wa miaka mitatu analijua hilo. Waziri wetu hakulijua, na hilo si kosa. Kosa ni yaliyofuata.

Mheshimiwa alilelewa kama tulivyolelewa sote: umekaribishwa, umepakuliwa, unamaliza. Kuacha chakula cha mwenyeji ni sawa na kumtukania mama yake. Siku ile ya ufunguzi alimaliza kuku mara moja, akaangalia sahani, akaona bado imejaa. Kamera zinamtazama. Akachukua pilipili ya kwanza. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Alikula arobaini, wallahi, nilihesabu mwenyewe kwenye televisheni ya kinyozi. Ya kumi ilimbadilisha rangi ya masikio. Ya ishirini ilimletea tabasamu ambalo halikuwa lake. Ya thelathini akawa anatafuna huku amefumba macho, na mtangazaji akatuambia kwamba kiongozi wetu anatafakari.

Bwana Chiu alitoka jikoni mbio, mikono juu, anamwaga maneno ya kwao. Pembeni ya Waziri alikuwepo mkalimani, Ndugu Pazi Mlekwa, aliyesomeshwa huko huko miaka mitano kwa jasho letu. Alimwelewa mpishi neno kwa neno.

"Anasemaje?" Waziri aliuliza, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Pazi akamtazama mpishi. Akamtazama Waziri. Akaitazama kamera.

"Anasema hajapata kuona mtu anayekula kwa ustadi namna hii, Mheshimiwa. Anasema hata kwao wamebaki wachache."

Ukumbi ukapiga makofi. Waziri akaongeza moja.

Ijumaa ikawa sheria. Sheria ya Sahani Nyeupe inasema kila mwananchi aliyetimiza miaka kumi na minane atakula mara moja kwa mwaka katika Mkahawa wa Kindugu, atamaliza kila kilichomo sahanini mwake, na atapewa Cheti. Huna Cheti, hupandi basi la mkoani, hufungi ndoa, hulazwi hospitali. Rais wetu alisema katika hotuba yake kwamba taifa lisiloweza kumaliza sahani haliwezi kumaliza jambo lolote. Alikuwa anazungumza akiwa nje ya nchi, kwa matibabu ya meno.

Mlangoni

Ukifika utapokewa na dada aliyevaa gauni jekundu. Usimpe mkono, mikono yake inawasha. Utapekuliwa kama una hanchifu. Hanchifu hairuhusiwi. Mwezi wa Mei watu wawili walikutwa wanajifuta macho, na walipopekuliwa ikaonekana hanchifu zao ni za rangi moja. Yaani chama. Wako ndani hadi leo.

Halafu utasaini tamko kwamba huna vidonda vya tumbo. Kama unavyo, kuna tamko la pili, unasaini kwamba vimepona.

Mezani

Kila meza ina Afisa wa Nyuso, anasimama nyuma yako na ubao wa kuandikia. Jasho linaruhusiwa, ni dalili ya uchapakazi. Kamasi zinaruhusiwa hadi kwenye mdomo wa juu. Machozi hayaruhusiwi kabisa. Kwa mujibu wa kanuni ya kumi na mbili, machozi ni maoni, na maoni yana utaratibu wake: kuna sanduku nje, limetiwa kufuli, mwenye ufunguo alistaafu.

Mbele yako utaona bilauri ya maji, imejaa, baridi, inatoka jasho kuliko wewe. Usiiguse. Hayo ni maji ya Sahani Nyeupe, unakunywa ukishamaliza. Anayetaka kunywa kabla anajaza Fomu ya Kiu, nakala tatu, inasainiwa na Mkurugenzi wa Vinywaji. Mkurugenzi yuko semina. Namfahamu mtu aliyekaa na fomu yake mkononi hadi kiu ikaisha yenyewe.

Jikoni

Mimi nilikuwa nanoa visu vya mkahawa kila Jumatatu. Kisu cha Bwana Chiu ni kipana kama jembe, na mwenyewe anakipenda kama mjukuu. Mwanzo tuliongea kwa mikono. Baadaye akajifunza maneno mawili matatu ya kwetu, mimi nikajifunza la kwao moja, ambalo nadhani ni tusi.

Jumatatu moja alichukua pilipili, akaiweka puani, akavuta pumzi, akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwao. Kisha akaitupa kwenye pipa la taka.

"Hii harufu," akasema. "Hapana kula. Kula, tumbo kwisha."

Nilimtazama. "Bwana Chiu, haziliwi?"

"Hapana kula!"

"Mbona hukuwaambia?"

"Mimi sema. Kila siku sema." Akajishika mdomo, akashika sikio, kisha akanyoosha kidole kuelekea ukumbini. "Pazi, hapana sema."

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye gunia la vitunguu. Nilicheka, msafiri. Namuomba Mungu anisamehe kicheko kile.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Mashavu alikuwa anauza vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, mwanamke wa sauti kubwa, mcheshi, tumbo lake lina vidonda tangu ujauzito wa mtoto tuliyempoteza.

"Mama, zile pilipili haziliwi."

"Haziliwi kivipi?"

"Ni za kunusa tu."

Akaacha kukoroga unga. "Nchi nzima inaharisha miezi minne, Mbwana, kwa kitu cha kunusa?"

"Basi ndiyo hivyo."

"Waziri na elimu yake yote ile?"

"Hasa yeye."

Alicheka akajishika mbavu, akaita jina la Mtume, akacheka tena. "Ngoja nikamweleze shoga yangu."

"Thubutu! Ukimweleza shoga yako kesho tunalala ndani wote wawili."

Wiki iliyofuata orodha ya mtaa wetu ikabandikwa. Watu kumi na wawili, wa tisa ni Mashavu binti Kombo. Nilikwenda kwa daktari kumwombea barua. Daktari alinipokea vizuri, akasikitika vizuri, akaniambia barua ya ugonjwa anapewa mwenye Cheti cha Sahani Nyeupe. Nikaomba niende mimi badala yake. Wakasema tumbo langu halimo kwenye orodha.

Ndipo nikajifanya mjanja. Siku ile walikuwa wanakuja wageni wanane kutoka nchi rafiki, kula pamoja na wananchi. Nikamwambia mke wangu: "Ukifika chokoa nyama, pilipili waachie sahani yao. Wageni wenyewe watakula hivyo hivyo mbele ya Waziri. Nani atakusema?"

"Una hakika, Mbwana?"

"Nina hakika."

Siku ya wageni

Nilijipeleka jikoni kunoa visu ambavyo havikuwa butu, ili nichungulie kwenye dirisha la kutolea vyakula. Wageni walikuwa meza kuu pamoja na Mheshimiwa na Pazi. Meza ya pili walikaa watu wetu kumi na wawili. Mashavu alivaa kanga mpya, doti ambayo alikuwa anaitunzia sikukuu.

Alikula vizuri. Alichokoa nyama kipande kwa kipande kwa ncha za vidole, pilipili anazisogeza kando, na akanikonyeza kule dirishani. Nakwambia hakuna aliyepata kula vile katika jengo lile tangu lifunguliwe, ukiacha wageni wenyewe, nao walikuwa wanafanya vile vile. Wakamaliza wote. Vilima vinane vya pilipili meza kuu. Kilima kimoja meza ya wananchi.

Afisa wa Nyuso akasimama nyuma yake.

"Mama, hii ni nini?"

"Pilipili, mwanangu."

"Mbona ipo?"

"Tazama meza kuu," Mashavu akasema, na sauti yake nimekwisha kukueleza. "Na kule zipo."

Ukumbi mzima ukatazama meza kuu. Kijiko kikaanguka mahali. Waziri naye akazitazama sahani za wageni, moja baada ya nyingine, zote nane, na kwa mara ya kwanza tangu Machi lile swali likaingia ukumbini kwa miguu yake lenyewe.

Akamwinamia Pazi. "Waulize mbona wameziacha."

Pazi akauliza. Wageni wakacheka kwa adabu, na mkubwa wao akaeleza taratibu, akaokota pilipili moja, akaiweka puani, akavuta pumzi. Mimi lugha ile najua lile neno moja tu, lakini nilielewa yote. Mpishi nyuma yangu alishika bega langu akalibana. Tulidhani imekwisha.

"Wanasemaje?" Waziri akauliza.

Pazi jasho lilimtoka hadi kwenye tai. "Wanasema... wanasema wameziacha kwa upendo, Mheshimiwa. Wanawaachia ndugu zao."

Nitamtendea haki Mheshimiwa. Alizitazama tena zile sahani. Kisha akasimama, akavuta koti, akakohoa.

"Wananchi! Ni nani kati yenu amepata kuona ukarimu wa namna hii? Mgeni amekaa, amepakuliwa, njaa inamuuma, lakini sehemu tamu kuliko zote anainyima nafsi yake kwa ajili yenu! Nasema taifa hili halitakataa mkono ulionyooshwa!"

Sahani nane zikanyanyuliwa, zikabebwa, zikamwagwa kwenye sahani za wananchi. Kwa kuwa mke wangu ndiye aliyeuliza, yeye alimiminiwa tatu.

"Mwanangu," alimwambia Afisa, sasa kwa sauti ndogo, "mimi nina vidonda."

Afisa akafunua makaratasi. "Umesaini kwamba vimepona."

Akala. Nilipiga lile dirisha kwa ngumi; askari akaniambia, "Fundi, noa visu." Bwana Chiu alichukua bakuli la maziwa akakimbilia mlangoni. Askari mwingine akamzuia kwa kifua. Mpishi haingii ukumbini Mheshimiwa akiwa amesimama, na Mheshimiwa alikuwa amesimama, anasoma hotuba iitwayo Joto la Urafiki, kurasa kumi na moja.

Ukurasa wa nne, Mashavu alishika tumbo. Ukurasa wa tano, alinyoosha mkono kwenye bilauri, na Afisa akaisogeza mbali, polepole, bila ubaya. "Fomu, mama." Ukurasa wa sita, damu ilimtoka mdomoni. Aliita jina. Ulimi ulikuwa na ganzi, na kumbukumbu za kikao zinasema kwamba hapo mama mmoja alishangilia. Alikuwa ananiita mimi. Kisha akaanguka na kiti.

"Tazameni!" Waziri akapaza sauti. "Mama amezidiwa na furaha!"

Wakapiga makofi. Wageni hawakupiga. Walisimama wote, mmoja alikwisha kuzunguka meza anakuja mbio. Pazi akawaambia kitu kwa lugha yao. Sijui aliwaambia nini. Wakarudi wakakaa.

Walimpitisha jikoni, kwenye kitambaa cha meza, kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekwisha kukata roho. Macho yake yalikuwa makavu. Afisa wa Nyuso alimpa alama zote.

Wewe msafiri usiogope. Tangu siku hiyo pilipili za wageni zinatolewa jikoni kabla sahani haijafika mezani pako. Hazitupwi. Kuna meza ya wananchi.

Nafasi ya saba

Sisi Waislamu maiti hatuikawizi. Mtu amekufa mchana, alasiri yuko kaburini, au asubuhi ya pili ikizidi sana. Imamu alikuwa tayari, sanda tayari, kaburi limechimbwa. Ilibaki kibali, nikaenda Ofisi ya Vizazi na Vifo kwa karani aitwaye Bi Kisa. Si mtu mbaya. Alinipa kiti chake.

Fomu ina nafasi nane. Jina, umri, dini, tulikwenda vizuri. Ya nane ni kibali cha kuzika. Ya saba ni mahali alipofia.

"Amefia wapi marehemu, babu?"

"Mkahawa wa Kindugu."

Bi Kisa akaweka kalamu chini. "Pale hafi mtu."

"Mama, nimemuona kwa macho yangu."

"Sibishi, babu yangu. Lakini mkahawa ule una Hati ya Pasipo Kifo, imetiwa saini Ikulu. Nikiandika pale, nimeandika kitu ambacho hakiwezekani. Nenda hospitali, pengine watampokea huko."

Nikaenda. Mganga Mkuu alinionyesha ukutani na wao hati yao. "Robo hii ya mwaka hatuna kifo hata kimoja," alisema kwa fahari. "Mgonjwa akizidiwa sana tunampa ruhusa ya kurudi nyumbani."

"Huyu aliletwa tayari amekufa."

"Basi huoni? Si wetu."

Kama si mkahawani na si hospitali, nikasema labda njiani. Idara ya Barabara wakanijibu kwa barua nzuri kwamba barabara ile imezinduliwa lakini haijakabidhiwa, na mtu hawezi kufia kwenye barabara ambayo kiserikali haipo. Nikasema basi iandikwe nyumbani, yaishe, hata kama ni uongo. Mwenyekiti wa mtaa alinivuta kando.

"Kaka Mbwana, nakuheshimu. Lakini mtaa wetu unashindania Mtaa Bora. Tumebakiza wiki mbili. Huwezi kunifanyia hivi."

"Nifanyeje, Mwenyekiti?"

"Mpeleke mtaa wa pili. Wale walikwisha kutolewa."

Nilikwenda kila siku chumba cha maiti, alikohifadhiwa hadi kibali kipatikane. Mhudumu wa pale, Mzee Chande, ni mtani wangu, wa kabila tunaloweza kutukanana hata msibani.

"Shemeji hajambo," alikuwa ananiambia. "Droo ya tatu. Hajalalamika kama wewe."

"Mwangalie umeme ukikatika."

"Ukikatika nampepea mwenyewe, mpumbavu wewe. Nenda kahangaike."

Siku ya arobaini ikafika, mke wangu yuko droo ya tatu. Nilipika kahawa, watu wakaja, wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka. Imamu alifungua kitabu, akakifunga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui aanzie wapi kumsomea mtu ambaye hajazikwa. Tukanywa kahawa, wakavaa viatu.

Wiki hiyo hiyo Mashavu alipata barua kutoka Wizarani. Walimtaarifu kwamba Cheti chake kimezuiliwa kwa sababu sahani yake ilikutwa na pilipili saba. Anatakiwa kurudia mzunguko ujao, aje na kitambulisho.

Ofisini kwa Mheshimiwa

Niliipeleka barua ile Wizarani mwenyewe. Sikwenda kwa ustaarabu. Nilikwenda na kisu kipana cha Bwana Chiu ndani ya mfuko wa kazi, na mpaka leo sijui nilitaka kukifanyia nini. Hakuna aliyenipekua. Walitafuta hanchifu tu.

Mheshimiwa alinikaribisha kabla sijasema neno. Alikuwa ameketi juu ya mpira wa ndani wa baiskeli, umejazwa upepo kiasi. Mezani pana chupa ya uji wa mchele. Pazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee Mbwana, pole na lile jambo."

"Msiba, Mheshimiwa."

"Lile jambo." Alijimiminia uji. "Nilikuwa naulizia mtu kama wewe. Wasafiri wamepungua, kuna maneno yanazagaa. Tunataka mwongozo. Aandike mtu wa kawaida, asiye na Kiswahili kingi, tena mtu aliyeguswa. Wewe umeguswa."

"Nikiandika, nafasi ya saba itajazwa?"

"Nitaisimamia mwenyewe. Nitampa karani barua."

Nilikuwa nimeshika mfuko wangu mapajani. Nikaona hilo la kuuliza niliulize sasa.

"Mheshimiwa, unajua kwamba zile pilipili haziliwi?"

Pazi akaangalia viatu vyake. Waziri akaupuliza uji, akanywa funda moja kama mtu anayekanyaga miiba, akangoja litue.

"Nilijua tangu ile ya tatu," akasema.

"Ya tatu?"

"Ya tatu. Mpishi alipokuja na mikono yake nilikuwa najua zamani."

"Mbona uliendelea?"

"Kamera zilikuwa zinatazama, Mzee."

"Na sheria je? Siku mbili baadaye. Pale hapakuwa na kamera."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito.

"Mimi nimekula arobaini na moja," akasema. "Taifa zima limeona. Ikisemwa kwamba haziliwi, mimi nitakuwa nani? Fikiri vizuri. Mtu mmoja awe mpumbavu, tena kiongozi? Ama nchi nzima izile, kusiwe na mpumbavu?"

Akanywa tena. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti, na hakukuwa na afisa wa kuandika.

Kisu kilikuwa mfukoni. Nilifikiria shingo yake, ndiyo, naandika ukweli. Halafu nikaifikiria ile droo. Wakinifunga mimi, nani atamuulizia? Mzee Chande atampepea hadi lini? Nikamwambia Mheshimiwa nitaandika.

Na nimeandika. Kama nimesahau jambo, uliza pale mlangoni.

Kutoka

Kutoka ni rahisi, unafuata mishale.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Kisa na barua ya Waziri, muhuri mwekundu, saini ndefu. Nilivaa kanzu. Nilimwambia Imamu asiende mbali. Bi Kisa aliisoma barua mara mbili, akaigeuza nyuma kutafuta kama kuna zaidi.

"Imeandikwa nafasi ya saba ijazwe," akasema.

"Alhamdulillahi. Jaza."

"Babu, imeandikwa ijazwe. Haikuandikwa ijazwe nini."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mwanamke na fomu ya mumewe. Ndugu wawili na ya baba yao. Mwalimu na ya mwenzake. Tulikuwa ishirini, nilizitazama fomu zao, na zote zimejazwa vizuri mpaka ya sita. Walisogea wakaizunguka meza kusikiliza. Bi Kisa akashika kalamu, akaiweka kwenye karatasi, wino ukaanza kufanya doa. Alinitazama mimi, akawatazama wao mmoja mmoja, akiwasihi mtu yeyote amsaidie.

"Sasa jamani," akasema, "niandike amefia wapi?"